Akikuita Jina, Usigeuke

Wifi yangu ni dobi. Nalisema mapema kwa sababu kuna watu wanaomwonea haya kwa niaba yake, utawasikia wanasema eti "anashughulika na wageni", kana kwamba kufua mashuka ya watu ni kosa la jinai. Ni dobi, tena dobi anayejua kazi. Ile gesti ya ghorofa moja nyuma ya stendi, mashuka yote yanayoanikwa uani pale yamepita mikononi mwake. Asubuhi anafua, mchana anapiga pasi, jioni anarudi mgongo umekakamaa, anaomba nimkande. Namkanda huku namsema, maana mimi mdomo wangu haujui kupumzika.

Mtaani wanamwita Mama Kasuku. Kasuku ni binti yake, mtoto wa pekee wa marehemu kaka yangu, na hilo jina nilimpa mimi shangazi yake, kwa kuwa alianza kusema kabla hajajua kutembea. Ukimtuma chumvi anarudi na habari za duka zima, nani kakopa, nani kanuna, na chumvi kaisahau. Jina likamganda, na mama yake akawa Mama Kasuku kwa kila mtu, hata kwa mwenye gesti. Lile jina lake la kwenye vyeti, refu, lenye baba na babu ndani yake, nadhani mara ya mwisho kulisikia ilikuwa siku anaolewa na kaka.

Sasa, huyu wifi yangu ni mtu wa kushika neno. Mwenye gesti alimwambia mara moja tu, Kasuku akiwa bado anabebwa mgongoni, kwamba foronya ipigwe pasi kuanzia kwenye mshono. Mpaka leo anaanzia kwenye mshono. Nimemwambia mara ngapi kwamba ukianzia mdomoni inakwenda upesi! Jibu lake ni lilelile, "Niliambiwa hivi." Mimi msemo wangu ni za kuambiwa changanya na zako. Yeye hachanganyi, anameza kama alivyopewa.

Kaka alipotutoka, watu walimshauri arudi kwao. Hakurudi. Alimlea mtoto kwa zile pasi, na mtoto akakulia palepale uani kwenye mabeseni. Shuka la kitanda kikubwa halikunjwi na mtu mmoja, lazima mshike huku na huku, mvute, mkutanishe ncha, msogeleane. Kazi hiyo alikuwa akiifanya na Kasuku, mama kimya, mtoto anasimulia. Kasuku alipoondoka, ncha ya pili nikaishika mimi, baada ya kufunga genge langu la mboga. Wifi alikuwa akinitania kwamba nami najitahidi kusema, lakini sijamfikia mpwa wangu, ndivyo alivyokuwa anamwita mwanawe mbele yangu akitaka kunipa lawama ya yule mtoto.

Kasuku alikwenda ng'ambo, kwenye mji mmoja mkubwa usioisha, kuhudumia wazee kwenye nyumba ya kulelea wazee. Alikuwa akipiga simu anasimulia mambo ya kule: treni zinazopita chini ya ardhi, watu wanaokaa ukuta mmoja miaka na hawajuani, bibi mmoja anayemwogesha kila asubuhi ambaye humwita kwa jina la dada yake aliyekufa. Alisimulia yote hayo kwa pumzi moja. Halafu kichwa kikaanza kumuuma. Alikuwa akisema ni uchovu tu, mama, ni zamu nyingi. Siku moja akaanguka kazini na bakuli la uji mkononi.

Ulikuwa uvimbe, ndani ya kichwa, mahali pabaya. Madaktari wakasema watampasua, na wakasema wazi kwamba wapo wanaoamka na wapo wasioamka. Kasuku alipiga simu mwenyewe. Hakulia, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue alisema maneno machache.

"Mama, nataka niingie mle nikiwa nimekuona. Nikishakuona, basi, wafanye wanachotaka."

Hilo tu ndilo aliloomba. Hakuomba dua, hakuomba tumwahidi kitu, aliomba kumwona mama yake kabla ya kulazwa kwenye kitanda cha kupasuliwa. Na mama yake, mtu ambaye safari yake ndefu kuliko zote ilikuwa kwenda kumzika mjomba, akasema, "Nakuja."

Pasipoti ikashughulikiwa, wakubwa wa ile nyumba ya wazee wakamwandikia, viza ikatoka upesi kwa sababu ya ugonjwa. Siku mbili tatu kabla ya safari akatokea Mjuaji.

Mjuaji ni jirani yetu, anauza spea za magari, na mji ule alikuwa ameshakwenda mara kadhaa kufuata giaboksi za mitumba. Watu wanamwita Mjuaji usoni kwake na yeye anaona ni sifa. Alikuja bila kuitwa, akakaa bila kukaribishwa, akaomba chai, na chai ilipokuja akasema sukari ni kidogo. Kisha akaanza kumfundisha wifi jinsi ya kuingia mji wa watu. Mimi simpendi yule bwana, lakini haki ya mtu haidhulumiwi, aliyosema yalikuwa ya kweli.

Alimwambia asivae viatu vipya, kwani kule ni kutembea. Sanduku liwe dogo la kuweza kulibeba mwenyewe kwenye ngazi, maana hakuna wa kukupokea mzigo. Pasipoti kwenye kijimfuko ndani ya nguo, kifuani. Anwani ya hospitali iandikwe kwenye karatasi kwa herufi kubwa, usitegemee simu. Simu yenyewe uizime ukishuka, laini ya nyumbani itakumaliza, na ile intaneti ya bure ya uwanjani usiiguse, ndiko wezi wanakojificha. Laini ya kule kanunue mjini. Kwenye ngazi zinazotembea zenyewe simama kulia, waliochelewa wapite kushoto, la sivyo watakusukuma. Maji ya bomba yanyweke, usiuziwe ya chupa. Usimuulize njia mtu yeyote ila aliyevaa sare. Mwenyeji wako akichelewa, kaa penye watu wengi, usitoke nje kumtafuta. Wifi alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kochi, midomo inacheza, anarudia kila neno kimoyomoyo.

Mwishoni Mjuaji akashusha sauti. Safari yake ya kwanza, alisema, alipotoka tu kwenye mlango wa uwanja alikuta kijana nadhifu, anacheka vizuri, akamwita kwa jina lake lote, la baba mpaka la babu. Akasema kwa lugha yetu hii hii kwamba ametumwa na kampuni ya spea kuja kumpokea. Mjuaji akafurahi, akampa sanduku na mkoba, wakatoka mpaka kwenye magari, na hapo ndipo akabaki amesimama peke yake mikono mitupu, hana nguo, hana pasipoti. Yule mtu alikuwa amesoma jina kwenye kile kikaratasi wanachobandika kwenye sanduku. Mjuaji alilala kituo cha polisi kwenye baridi, na alipofika hapo akakiweka kikombe chini.

"Shemeji, sikiliza hili hata ukisahau mengine yote," akasema. "Akikuita jina mtu usiyemjua, usigeuke. Hata akilia, usigeuke. Mwenyeji wako unamjua sura, mfuate huyo peke yake."

Nikaingilia kama kawaida yangu, nikamwambia wifi za kuambiwa changanya na zako. Mjuaji akanitazama kama mtu anayetazama spea feki, akasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Wifi akatikisa kichwa kukubaliana naye. Kwa mtu kama yeye, methali ikishatolewa mjadala umefungwa.

Kesho yake tukiwa uani tunakunja mashuka alinitaka nimfanyie mtihani. Nikamuuliza ngazi, akajibu kulia. Nikamuuliza simu, akajibu naizima. Kisha nikamvizia, alipogeuka kuchukua shuka jingine nikamwita kwa sauti nzito ya kiume lile jina lake la kwenye vyeti. Hakugeuka. Aliendelea kuvuta shuka kwenye kamba na mabega yake yakaanza kutikisika kwa kicheko. Tulicheka mpaka shuka likaanguka chini, ikabidi lifuliwe upya.

Mpango ulikuwa mwepesi. Kasuku alikuwa anakaa chumba kimoja na binti mwenzake kutoka huku kwetu, wa miwani, mwenye mwanya, picha yake wifi alikuwa nayo kwenye simu na ameikariri. Huyo ndiye angekuja uwanjani. Wifi angefika asubuhi, angekaa na mwanawe mchana kutwa, na upasuaji ungekuwa siku inayofuata. Tulimsindikiza, akaingia kule ndani akiwa ameshika sanduku kwa mikono yote miwili, hakutupungia kwa sababu mikono haikuwa na nafasi.

Wifi akiwa huko angani, Kasuku alizidiwa. Kulipokucha madaktari wakasema hakuna kesho, tunampasua leo. Binti wa miwani akawa hawezi kuondoka kitandani kwake, kwani Kasuku alikuwa amemng'ang'ania mkono. Akampigia dereva wa ile nyumba ya wazee, kijana anayeendesha gari la kuwapeleka wazee kliniki, mtoto wa nchi nyingine lakini wa lugha yetu, rafiki wa Kasuku. Akamtumia jina la mgeni kama lilivyoandikwa kwenye viza, akamwambia akimbie. Na wifi akatumiwa ujumbe: mama, mabadiliko, atakuja kaka dereva, ana jaketi la kijani. Ujumbe ukaenda kwenye simu iliyozimwa. Mimi huku hakuna aliyekuwa na namba yangu, nilikuwa gengeni napanga nyanya na kumringia kila mteja kwamba wifi yangu sasa hivi anatua ng'ambo.

Yaliyofuata wifi alikuja kunisimulia baadaye sana, kidogo kidogo, na nitayasema kama alivyoyasema.

Alitoka kwenye ule mlango mkubwa akitafuta miwani na mwanya. Watu walikuwa wengi, wengine na maua. Akasikia jina lake. Lile la kwenye vyeti, lote, baba mpaka babu. Akamwona kijana mrefu mwembamba, jaketi la kijani, ameshika karatasi, anacheka vizuri. Wifi anasema wazo lake la kwanza lilikuwa: Mjuaji yule ana haki, kumbe mambo yenyewe ndiyo haya. Walitazamana. Halafu akampa mgongo.

Kijana akaita tena, karibu zaidi, kwa lugha yetu, "Mama, subiri, nimetumwa." Lakini hata yule mwizi wa Mjuaji alisema ametumwa. Wifi akaongeza mwendo. Kijana alikuwa anasema mengine nyuma yake, na wifi hakutaka kuyasikia, alikuwa anajisomea midomoni, usigeuke, hata akilia usigeuke. Akaona mlango wenye picha ya mwanamke, akaingia. Ndani kulikuwa na vyoo vingi mstari mmoja. Akajifungia kimoja, akakaa juu ya kifuniko, sanduku mapajani. Akamsikia yule kijana anaita kule nje mlangoni, anaita, anabembeleza, sauti inapanda. Kisha sauti nyingine za watu wazima, zenye ukali. Kisha kimya.

Akamshukuru Mungu. Na aliponisimulia hapa alikuwa anatazama chini: anasema hajawahi kujiona mwerevu maishani kama alivyojiona pale kwenye choo cha watu. Alisoma mpaka darasa la nne, dobi, na ameushinda mji. Alikuwa anapanga jinsi atakavyomsimulia Kasuku, na jinsi Kasuku atakavyocheka mpaka ashike mbavu.

Alipotoka akakaa penye watu wengi, kama alivyoambiwa. Alikaa sana. Binti wa miwani hakutokea. Hatimaye akainuka, akamwendea mama mmoja mwenye sare, akamwonyesha karatasi yenye herufi kubwa, akaelekezwa treni. Kwenye ngazi akasimama kulia, watu wakapita kushoto. Sanduku likabebeka. Viatu havikumuuma. Jamani, kila ushauri ulifanya kazi, hata mmoja haukuharibika. Mtu mgeni kabisa, asiyejua neno la lugha yao, alivuka mji mzima chini ya ardhi akatokea mlangoni mwa hospitali.

Binti wa miwani alimwona kutoka mwisho wa korido akaja mbio, na alipomfikia hakumtazama yeye, alitazama nyuma yake. "Kaka dereva yuko wapi?" akauliza. Wifi anasema hapo ndipo alipojua, kabla hata hajaambiwa kitu kingine. Kasuku alikuwa ameshaingizwa na milango imeshafungwa. Walimpa kiti.

Mchana ukiwa umesogea sana yule kijana akafika, jaketi la kijani limechanika begani. Alipiga magoti mbele ya wifi, pale kwenye korido, watu wanatazama. "Mama, nisamehe, nilikukosa." Alikuwa analia. Na wifi yangu, ambaye alijua, ambaye alimwona uso kwa uso, mdomo haukufunguka kulisema hilo. Alimwekea mkono kichwani akasema, "Si kitu, mwanangu."

Kasuku alitolewa macho yamefungwa, kichwa kimefungwa bandeji, mpira mdomoni. Mama yake alimsemesha sikioni kwamba amefika. Alimsemesha siku zote zile, yeye asiye msemaji, alimsimulia mtaa mzima, gesti, mimi, mpaka bei za gengeni kwangu. Mtoto aliyeitwa Kasuku hakujibu hata kwa ukope. Kisha madaktari wakamwita ofisini, binti wa miwani akitafsiri, wakazima mashine. Walirudi ndege moja, mama juu kwenye viti, mwana chini na mizigo.

Msibani Mjuaji alikuja na koti. Alimpa wifi mkono, akakaa karibu naye, akasema kwa sauti ya kusikika kwamba mauti hayana dawa, lakini angalau yeye alifika salama na kurudi salama, na mji ule si wa mchezo. Watu wakaitikia. Wifi akamjibu taratibu, "Nilifika salama, shemeji. Yote uliyoniambia niliyafuata." Mjuaji akainamisha kichwa kama mtu aliyeshukuriwa. Basi tangu siku hiyo mtu yeyote mtaani akipata viza, Mjuaji anamwambia kamwone Mama Kasuku, yeye ndiye shahidi wangu. Wanakuja mpaka uani kwenye gesti. Mwanafunzi, bibi harusi, mzee anayekwenda kutibiwa macho. Wanauliza, mama, tukifika tufanyeje? Wifi anazidi kupiga pasi tu, kichwa chini. Mimi ndiye ninayewafukuza, na mimi sijui kufukuza kwa adabu.

Yule kijana dereva hakuacha kupiga simu. Kila Jumapili akiwa hana zamu, simu inalia. Alikuwa ameshajifunza kumwita Mama Kasuku kama sisi, na kila mara, kabla hata ya salamu kuisha, anaomba msamaha. Mama Kasuku, nisamehe, lile jambo la uwanjani linaninyima usingizi. Na wifi kila mara, si kitu, mwanangu. Akikata simu hali chakula siku hiyo. Nilidhani ni msiba, nikawa namwambia huyu kijana naye kazidi, anatonesha kidonda kila wiki, mwambie apumzike.

Ndipo siku moja tukiwa na shuka mikononi aliponiambia. Aliniambia yote, choo, kifuniko, sanduku mapajani. Nilisikia moto unanipanda kutoka miguuni. Nilitaka kwenda dukani kwa Mjuaji nimwangushie giaboksi zake zote kichwani moja moja. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu! Na aliyesikia je, aliyesikia kila neno, yeye anavunjika nini? Nilisema mengi pale uani, mengine siwezi kuyarudia. Wifi alishika ncha yake ya shuka akanisubiri nimalize.

"Wifi, hakunidanganya hata neno moja," akasema. "Yeye mwenyewe yalimkuta. Alinipa kilichomuuma."

Hapo hasira ikanitoka na kilio kikaja. Nilimwambia basi amweleze yule kijana ukweli, maana anaoza kwa kosa lisilo lake, mtoto wa watu yuko ugenini hana mama wa kumshika. Akakataa. Akasema akimwambia kijana atamchukia, hatapiga tena, na kule ng'ambo hakuna mwingine anayejua Kasuku alivyokuwa anacheka kwenye gari. Nilimwelewa, lakini sikumwacha. Nilimsumbua Jumapili baada ya Jumapili, kama nijuavyo kusumbua.

Jumapili aliyokubali tulikuwa uani, wageni walikuwa wengi na mashuka hayaishi. Simu ikalia juu ya meza ya pasi. Mikono yake ilikuwa na maji, akaniambia nibonyeze, nikaweka sauti ya nje. Kijana akasalimia, akaanza palepale anapoanzaga, Mama Kasuku, nisamehe.

"Mwanangu, acha," wifi akasema. "Nilikuona. Nilikusikia ukiniita. Nilikukimbia."

  Nilimwona wifi anakunjamana kama mtu anayengoja kibao.

"Najua, mama," kijana akasema. "Tulitazamana. Nilikufuata mpaka mlangoni mwa choo."

Akasema alisimama pale akiita, na kwa kuwa ni mwanamume anapiga kelele kwenye mlango wa choo cha wanawake, walinzi walikuja wakamkamata. Alipojaribu kueleza wakamvuta, ndipo jaketi lilipochanika. Walimweka kwenye chumba wakamhoji mpaka mchana. Nikashindwa kujizuia, nikamuuliza mimi, sasa wewe baba, ikiwa ulijua yote hayo, hizi samahani za kila wiki ni za nini? Kakosa yeye, unaomba msamaha wewe!

"Shangazi, si kwa ajili ya kumkosa," akasema, na sauti yake ikawa ndogo. "Ni kwa ajili ya nilichomwambia Kasuku."

Alipokuwa bado mlangoni pale chooni, Kasuku alimpigia simu. Walikuwa wameshakuja kumchukua na yeye anakataa kwenda. Akauliza, umempata mama? Na kijana, akijua mama yuko nyuma ya mlango tu, akijua atatoka sasa hivi, hawezi kukaa chooni milele, akajibu ndiyo. Akamwambia nimempata, nimo naye garini, tunakuja. Kasuku akawaomba madaktari wamngojee, mama yake yuko njiani. Wakamngojea kwenye korido kadiri walivyoweza. Akawa anampigia kijana kila mara anauliza mmefika wapi, na kijana anajibu tunakaribia, mpaka walinzi walipomnyang'anya simu. Baada ya hapo Kasuku alipiga na kupiga, hakuna aliyepokea. Hayo ya korido kijana aliambiwa na binti wa miwani, aliyekuwa ameshika mkono wa Kasuku.

Wifi alikuwa amesimama, maji yanadondoka kwenye vidole. Nilitaka kuikata simu. Akanizuia kwa macho, akaisogelea ile meza.

"Wakati wananingojea," akauliza, "alikuwa anatazama wapi?"

"Mlangoni, mama," kijana akasema. "Hata walipoanza kusukuma kitanda chake, aliomba wamsukume kinyumenyume."

Wifi yangu akakaa chini, palepale kwenye saruji iliyolowa, na mimi nikakaa naye.